Kidole Kisicho na Wino

Leo nakuletea kisa changu mwenyewe, wala si kisa cha kujivunia. Nakisimulia kwa kuwa huenda nyumbani mwako yumo kijana aliyejiunga na chuo hivi karibuni, au wewe mwenyewe ndiye kijana huyo, na kosa langu laweza kuwa lako usipoangalia.

Mimi ni mzaliwa wa Msambweni, Pwani ya kusini. Nilipotimiza umri wa miaka 18 nilikwenda kwa chifu nikiwa na cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi wangu. Nikachukuliwa alama za vidole, na baada ya majuma kadhaa kitambulisho kikafika. Nilikitia mfukoni kama mtu atiavyo chenji ya matatu. Sikuona ajabu yoyote.

Lakini tulikuwa na jirani, mzee wa Kimakonde, mchonga vinyago vilivyokuwa vikiuzwa kwa watalii kule Diani. Wazazi wake walitoka Msumbiji enzi za mkoloni wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Yeye alizaliwa hapa, akaoa hapa na kuzeekea hapa, ila kitambulisho hakuwa nacho. Hakuweza kufungua akaunti ya benki. Laini yake ya simu ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Kila uchaguzi ulipofika sisi tulipanga foleni, naye akabaki barazani na patasi yake.

Mnamo Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walichoka kungoja. Walishika njia kwa miguu kuelekea Nairobi, safari ya takriban kilomita 500, hadi wakaonana na Rais Uhuru Kenyatta katika Ikulu. Februari 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa Wakenya, kabila la 43, na vitambulisho vikaanza kutolewa. Wakati huo uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa ukielekea ukingoni. Mzee wetu alipokipata kitambulisho chake, hakukipeleka kwanza nyumbani kukionyesha. Alikwenda nacho moja kwa moja kwa makarani wa uchaguzi.

Na mimi je? Mimi nilikuwa chuoni Nairobi, mwaka wa kwanza. Makarani walikuja na mitambo yao wakaketi karibu na bwalo la chakula. Rafiki zangu wakasema, "Twende tuandikishwe, halafu tukale." Nilitoa kitambulisho, nikaweka vidole kwenye mtambo, nikapigwa picha. Kazi haikuchukua hata dakika kumi. Karani aliniuliza kama nakubali kituo changu kiwe pale pale chuoni. Nikaitikia kwa kichwa, macho yangu yakiwa kwenye foleni ya wali.

Uchaguzi ukawa Jumanne, tarehe 8 Agosti 2017. Chuo kilikuwa kimefungwa, nami nilikuwa nyumbani Msambweni. Kituo changu kilikuwa Nairobi, na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa sawa na matumizi yangu ya mwezi mzima. Alfajiri mama aliniamsha. "Mwanangu, hutoki?" Nikamweleza. Alinitazama kwa kitambo, akajifunga leso yake, akaenda zake bila kusema neno.

Jioni nilikuwa nimeketi nje ya nyumba mzee alipopita akitoka kituoni, amevaa kanzu ya sikukuu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akanyoosha kidole chake chenye wino ili nikione, kama mtoto aliyepewa zawadi. Kisha akautazama mkono wangu. "Cha kwako mbona hakina kitu? Au nyinyi wasomi mnapakwa wino usioonekana?"

Alikuwa akinitania tu, wala hakuwa na nia mbaya. Lakini, ndugu msomaji, laiti ardhi ingepasuka nikaingia! Mtu aliyengoja kitambulisho maisha yake yote alikuwa amepiga kura. Mimi niliyekipata kwa majuma machache tu nilikuwa nimekaa kwenye kigoda natazama watu wakirudi.

Usiku ule niligundua jambo la pili, nalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Katika uchaguzi mkuu Mkenya hupiga kura sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wa wadi. Hata kama ningepata nauli ya kwenda Nairobi, ni kura moja tu, ile ya rais, ambayo ingekuwa sawa na ya mama. Tano zilizobaki ningewachagulia watu wa Nairobi viongozi wao. Na karo yangu je? Sehemu yake ilikuwa ikilipwa na basari iliyotoka kaunti ya Kwale. Waliokuwa na sauti juu ya fedha zile ni gavana na wawakilishi wa wadi za kwetu, ambao mimi sikuwa na kura ya kuwapa wala kuwanyima.

Niliporudi likizo iliyofuata nilikwenda katika ofisi ya tume ya uchaguzi nikaomba kuhamisha kituo changu. Nilijaza fomu, nikahamishiwa nyumbani. Basi mbunge wetu, Suleiman Dori, alipofariki Machi 2020, na uchaguzi mdogo wa Msambweni ukafanyika tarehe 15 Desemba mwaka huo, nilikuwa katika foleni, barakoa usoni, nyuma ya mama. Feisal Bader, mgombea huru, alishinda kwa kura 15,251 dhidi ya 10,444 za Omar Boga wa ODM. Lakini waliojitokeza hawakufika nusu ya waliojiandikisha. Waliobaki nyumbani walikuwa wengi kuliko kura zote za mshindi. Nilijiuliza ni wangapi kati yao walikuwa vijana wa vyuo.

Sisemi kwamba ni makosa kujiandikisha chuoni. Sheria inaruhusu, na ikiwa umepanga chumba huko, unafanya kazi huko na utakuwa huko siku ya kura, basi huko ndiko kwako. Ninachosema ni kwamba usiandikishwe kwa kufuata foleni. Jiulize kwanza: Siku ya uchaguzi nitakuwa wapi? Na viongozi ambao kazi yao inanigusa mimi na wazazi wangu ni wa wapi? Ukishapata majibu, mwambie karani kituo unachokitaka, nawe usome kilichoandikwa kabla ya kuondoka. Kumbuka kwamba Katiba hairuhusu mtu kuandikishwa katika vituo viwili. Ukikosea, hama mapema.

Kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi mkuu wa 2027 ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10. Wazazi, mwulizeni kijana wenu jambo hili akija likizo, kama mnavyomwuliza habari za mitihani. Nawe kijana, usingoje siku za mwisho foleni ikazunguka uwanja.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kura nayo ni mali, na daftari lake lipo. Hakikisha jina lako limo, tena katika ukurasa unaokufaa, usije ukaulizwa na mzee wa watu swali nililoulizwa mimi.