Piramidi ya nyota

Katika mafunzo ya ualimu tuliyoyapata ujanani hapakuwa na kompyuta, chaki ilitosha. Sasa, tukiwa tumevuka miaka hamsini, tumejikuta tukiwaongoza walimu wanafunzi katika zoezi la kwanza la lugha ya Python: programu imwulize mtu idadi ya mistari, kisha imchoree piramidi ya nyota.

Kuchora kulitufurahisha. Mistari ikiwa 5, wa kwanza una nafasi tupu 4 na nyota 1. Wa pili nafasi 3 na nyota 3. Wa mwisho hauna nafasi, una nyota 9. Nyota zote ni 25, yaani 5 mara 5, jambo tulilolihesabu kwa kidole mara mbili kabla ya kuliamini. Wengi husahau nafasi tupu, na piramidi yao huegemea kushoto kama ukuta ulioliwa na mvua.

Shida ilizuka kwenye swali. Binti mmoja wa safu ya nyuma aliandika «tano» kwa herufi. Programu ikakatika, maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo. Tukamwambia mbele ya wote kwamba hasikilizi. Alifunga daftari lake, na kesho yake hakuja.

Jioni ile tulisoma upya kazi yetu. Python hupokea kila kinachoandikwa kama maandishi, hata 5; amri ya int ndiyo inayokigeuza kuwa namba, nayo hutambua tarakimu, haitambui «tano». Swali letu lilisema tu: «Andika idadi ya mistari.» Tarakimu hatukuzitaja. Sisi tuliozoea katekisimu, ambamo jibu limechapwa chini ya swali, tulidhani kila mtu analiona jibu tulilolificha kichwani mwetu.

Tulimpelekea ujumbe wa kuomba radhi. Siku ya tatu akarudi. Tukayarudia maneno yale mbele ya wenzake, kwa kuwa lawama ilitolewa mbele yao. Kisha tukamwomba aitengeneze programu. Akaandika: «Andika idadi kwa tarakimu, mfano 5», akaongeza amri za try na except ndani ya while, ili anayekosea aulizwe tena badala ya kufukuzwa.

«Mwalimu, jaribuni kwanza ninyi.»

Tukaandika «tano». Swali likarudi vilevile. Tukaandika 5.