Kaye Chafu ya Binti Yangu



Juma hili naungama kosa langu mbele yenu, maana pengine mwenzangu mmoja analifanya pia nyumbani mwake.

Nafundisha mwaka wa 4 wa shule la msingi. Tangu nilipotoka ISP na diploma yangu, wimbo wangu ni mmoja: kazi safi ndiyo kazi nzuri. Kaye yenye mistari iliyokatwakatwa, naiondolea pointi.

Siku moja ya posho nilifungua kaye ya hesabu ya binti yangu mwenye miaka 10. Pembeni mwa kila ukurasa kulikuwa na mtu mdogo wa kreyo: mistari juu ya mistari, kichwa duara tupu bila macho, mguu umefutwa mara tatu. Nilikasirika sana. Kaye ni pesa! Nikataka kupasua kurasa zile. Akalia: "Mama, usiangalie moja moja. Zipitishe mbio."

Nikaziachia kwa kidole gumba. Yule mtu akatembea. Na hakuwa mtu yeyote tu: alikuwa Koko, mama yangu mzazi, na beseni lake kichwani.

Mwalimu hakosi kiburi. Nikasema nitamwonyesha namna ya kuchora vizuri. Usiku ule nilichora picha 12: kikwembe chenye maua, macho, hereni. Nikazipitisha. Mama yangu akatembea kama ubao. Binti akacheka mpaka akajificha usoni.

Mwenzangu anayefundisha uchoraji ndiye aliyenifungua macho. Katika sinema, sekunde moja ina picha 24. Wachoraji wa katuni mara nyingi huacha kila mchoro ukae picha mbili, kwa hiyo sekunde moja inadai michoro 12. Mfaransa Émile Cohl, mwaka 1908, alichora karibu michoro 700 kwa filamu isiyofika hata dakika mbili. Ndiyo maana hatua ya kwanza haitafuti uzuri. Unaanza na mikao mikubwa: mguu wa mbele unagusa udongo, mwili unashuka, mguu wa nyuma unapita, mwili unapanda. Kisha unajaza michoro ya katikati. Mgongo ni mstari mmoja tu, kichwa ni duara. Macho na nguo vinakuja mwisho, mwendo ukisha kukubalika. Ukianza na maua ya kikwembe, utaogopa kufuta mchoro uliokula saa nzima, hata kama unasema uongo.

Nikarudi kwa kaye chafu, nikahesabu. Mimi nilikuwa nimegawa sawasawa: michoro 6 kwa mguu wa kulia, 6 kwa wa kushoto. Yeye alichora 8 kwa wa kulia, 4 kwa wa kushoto.

"Mbona haulingani?" nikamwuliza.

"Ni kwa sababu Koko hakawii juu ya ule wa kushoto. Anauweka, anauondoa mbio."

Nikasimama mlangoni. Mama alikuwa anatoka kwenye robine na maji. Hatua tatu zilinitosha. Ilikuwa kweli. Ninaishi naye, ninampelekea sahani kila jioni, wala sikuona.

"Mama, nyonga inakuuma?"

"Ni uzee tu, mwanangu. Nilisema mulipe kwanza minerval ya watoto."

Juma lililofuata tulimpeleka hospitali. Picha ilionyesha kiungo cha nyonga kimelika. Muganga hakutudanganya: hakitarudi kama zamani. Lakini sasa ana dawa, ana fimbo, analala usiku. Beseni la maji limehamia kichwani mwangu.

Huko shuleni nimebadilisha kitu kimoja. Kurasa za mwisho za kila kaye ni za kujaribia, na humo siondoi pointi. Bado nadai usafi, lakini kwa wakati wake. Mtoto anapokata mstari na kuuandika upya, sasa namwuliza kwanza alikuwa anatafuta nini.

Kumbe hata mwana wa nchi yetu, Jean-Michel Kibushi, alitambua nguvu ya mikono hii midogo. Mwaka 1992 alitoa filamu iliyotumia michoro ya watoto kueleza uporaji wa Septemba 1991 mjini Kinshasa. Watoto walikuwa wameona, na walichoona kilikuwa kwenye karatasi.

Mama mwenzangu, ukikuta michoro kwenye kaye ya mwanao, kasirika kidogo ukitaka, maana kaye ni pesa kweli. Lakini kabla ya kupasua, keti karibu naye umwulize: huyu ni nani, na mbona anatembea hivi?