Dawa Ilipofika, Wengi Walishazikwa

Mwaka 1983 Hospitali ya Ndolage, mkoani Kagera, iliripoti wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania. Anayesimuliwa hapa alikuwa muuguzi kijana katika hospitali nyingine ya misheni mkoani humo, na ugonjwa haukukawia kufika wodini kwake. Watu waliuita Juliana, jina la nguo za fasheni zilizouzwa na wafanyabiashara wa mpakani. Wengine walisema ni uchawi.

Aliutambua kabla ya kipimo: mkanda wa jeshi mgongoni, fangasi mdomoni, kuhara kusikokoma. Glavu zilioshwa, zikachemshwa, zikaanikwa kwenye kamba, zikatiwa poda na kuvaliwa tena. Mdomo wa mgonjwa aliupaka dawa ya zambarau kwa pamba iliyozungushwa kijitini, taratibu, maana hata kumeza mate kuliuma. Kisha akaomba naye.

“Sista, Mungu atanisikia?” kijana mmoja alimuuliza.

“Anakusikia, mdogo wangu.” Hakuongeza kwamba atapona.

Kagera ni nchi ya uamsho. Watu wamezoea kuomba kwa uhakika, kufunga na kukesha. Kaka yake muuguzi aliombewa hivyo na ukoo mzima, akafa, akazikwa kibanjani kati ya migomba. Pale msibani mzee mmoja alimwambia mama yao kwamba marehemu alipungukiwa imani. Muuguzi aliuona ni ukatili, na hadi leo anauita hivyo.

Askofu Josiah Kibira, mzaliwa wa Kashozi na mtu wa uamsho, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, aliugua Parkinson na kufariki mwaka 1988. Nani angethubutu kusema imani ya Kibira ilikuwa haba?

Zamu za usiku muuguzi alishika Zaburi ya 88. Inaanza kwa kumlilia Mungu, inaishia gizani, haina shukrani mwishoni, na bado imo katika Biblia. Aliwasomea wagonjwa wasiopata usingizi. Wengi walilia, wakasema afadhali wamesikia mtu wa Mungu akilalamika kama wao. Hapo ndipo imani yake ilipopata pa kusimama: kwamba anayelalamika mbele za Mungu bado anaomba.

Mwaka 2004 serikali ilianza kugawa ARV bure. Watu waliobebwa kwa machela walirudi kliniki kwa miguu, baadhi wakitokea shambani moja kwa moja. Kanisani ilitangazwa kwamba maombi yamejibiwa, naye alishukuru kwa machozi. Lakini alikataa kusema kwamba kuchelewa kule kulikuwa mpango wa Mungu. Mchanganyiko wa dawa hizo ulijulikana kufanya kazi tangu 1996, na kufikia mwaka 2000 tiba ya mgonjwa mmoja iligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Miaka minane ile ilisababishwa na bei, hataza na serikali za matajiri. Kumsingizia Mungu, anasema, ni kuwaachia watu hao waende zao bila kuulizwa.

Kisha ikaja 2011 na kikombe cha Babu kijijini Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila aliwanywesha dawa maelfu ya watu kwa shilingi 500. Baadhi ya wagonjwa wa kliniki ya muuguzi waliacha vidonge. Muuguzi aliwafuata majumbani, akawabembeleza bila kuwacheka. Kiu ile ya kupona aliifahamu vizuri mno. Wapo waliorudi. Wapo aliowakuta wameshazidiwa.

Sasa amestaafu, ila bado huenda kliniki kuwasaidia wauguzi wachanga. Huwaambia wasikimbilie kuomba. Kwanza wamuulize mgonjwa anataka aombewe nini. Wengi hawataji uponyaji. Wanataka ada ya mtoto ipatikane, wapate usiku mmoja bila kutapika, au mwana aliyeko Mwanza akubali kupokea simu. Wanaliomba hilo, halafu muuguzi anachukua namba ya huyo mwana na kumpigia.