Hazelinati Ulizomtumia Mama Yako

Mpwa wangu Salim,

Mzigo wako kutoka Giresun umefika salama, na dada yangu amefurahi mno. Lakini ule ujumbe kwamba apumzishe vidonge vya presha kwa kuwa hazelinati zina antioksidanti umenitia hofu. Hapana, mwanangu. Nimeuza dawa Tanga hii mpaka nikastaafu, na nimewaona walioacha vidonge vyao wakirudishwa wamepooza upande mmoja.

Mengi uliyosoma ni kweli. Gramu 100 za hazelinati zina takribani miligramu 15 za vitamini E, kiasi cha kumtosha mtu mzima kwa siku. Zina tanini na katekini pia, na nyingi ya hizo zimo kwenye kile kigozi cha kahawia kilichoshika kokwa. Hizi ulizotuma ni nyeupe, zimekaangwa zikapukuswa. Zilizo bora zimebaki huko kiwandani! Ukinunua tena, chukua zenye kigozi chake.

Lehemu mbaya ikishambuliwa na chembe huru, huharibika na kujijenga kwenye kuta za mishipa ya damu. Antioksidanti huzima chembe hizo, na maabarani kazi hiyo huonekana waziwazi. Mwilini ni shughuli nyingine, maana utumbo hufyonza sehemu tu na ini hubadilisha kinachopita. Ndiyo maana mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiondoa orodha yake ya nguvu za antioksidanti katika vyakula: namba zile hazikueleza lolote la uhakika kuhusu afya ya mtu.

Na vile vidonge vya vitamini E unavyomeza wewe, nakusihi uviache. Katika utafiti wa SELECT, matokeo ya 2011, wanaume waliopewa dozi kubwa walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge vitupu.

Chakula chenyewe kina sifa nzuri zaidi. Hispania, kwenye utafiti wa PREDIMED, kundi moja lilikula kila siku gramu 30 za jozi, lozi na hazelinati pamoja na mboga, samaki na mafuta ya zeituni. Kiharusi na maradhi ya moyo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Hesabu zilirudiwa 2018 kwa sababu ya dosari za kugawa makundi, na jibu likabaki karibu lilelile. Lakini angalia hili: wengi wao walikuwa na presha, na dawa zao walikuwa wakitumia.

Mama yako nimempangia kiganja kimoja baada ya chakula cha mchana, bila chumvi. Asizidishe, zina mafuta mengi. Zikiisha, karanga za sokoni zenye ganda lake jekundu zitamfaa, usijitie gharama ya kutuma. Kidonge cha leo amemeza mbele yangu. Ukimpigia simu, mwambie mwenyewe asiache vidonge vyake, maana neno lako analishika kuliko langu.

Mjomba wako,
Tanga