Tuliunga Udugu kwa Pikipiki na Hema

Katika mwezi wa Muharram uliopita, mimi na mume wangu tulifunga hema juu ya keria ya pikipiki, tukatoka Mbagala baada ya Swala ya Alfajiri na kushika barabara ya kusini. Nia yetu ilikuwa kuwazuru jamaa watatu: shangazi yake aliyeko Ikwiriri, kaka yangu wa Kilwa Kivinje, na binti yetu aliyeolewa Mikindani. Ni safari ya zaidi ya kilomita 500 kwenda tu, na pikipiki yetu ni ya kawaida, kama wanazoendesha vijana wa bodaboda. Jirani mmoja alituuliza kama nauli ya basi imetushinda.

Nauli haikutushinda. Lakini basi hukushusha stendi likaenda zake, na jamaa zetu wengi hawakai stendi. Ama hema, sababu yake ni adabu kuliko starehe. Nyumba za ndugu zetu ni za vyumba viwili vitatu vyenye watoto tele, na mgeni wa ghafla humtoa mwenyeji kitandani mwake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumkirimu mgeni, akaweka mpaka wa siku tatu, na akamkataza mgeni kukaa hadi amtie mwenyeji wake katika dhiki. Fungu hili la pili la mafunzo hayo tunalisahau sana. Nasi tulisema: tutakula nao, tutazungumza nao, lakini malazi tutakwenda nayo wenyewe.

Dada zangu watataka kujua habari ya mavazi. Nilivaa suruali pana chini ya baibui, na pindo la baibui nikalifunga vizuri mapajani kwa ukanda wa kitambaa, kwa kuwa nguo inayopepea karibu na cheni imekwisha kuwaangusha wengi. Mtandio mwepesi ulikaa ndani ya helmeti. Mzigo wetu ulikuwa hema, mkeka, mablanketi mawili, sufuria moja, jiko dogo la gesi, dumu la maji, vyombo vya kuzibia pancha, na msahafu uliofungwa katika mfuko wa nailoni. Kila kilichozidi hapo tulikirudisha ndani.

Shangazi wa Ikwiriri, ambaye umri wake hakuna anayeujua kwa hakika, alifurahi hadi alipoona hema likisimamishwa uani kwake. "Mnalala nje kwangu kama wakimbizi?" akauliza. "Watu watasema nimewafukuza." Mume wangu alimbembeleza, akamweleza habari ya siku tatu na dhiki ya mwenyeji. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba yeye hajatiwa dhiki na mtu. Usiku ule alitoka mara mbili na kibatari kuangalia kama tumepigwa na baridi. Asubuhi alitupikia kambale wa mto Rufiji kwa nazi, akakataa katakata tusiondoke kabla ya kusikia habari za kila mtu aliyekufa kijijini tangu tulipoonana mara ya mwisho. Tuliondoka saa nne.

Mbele kidogo ya Ikwiriri lipo daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Tulilivuka kwa muda mfupi mno hata nikamwomba mume wangu apunguze mwendo. Marehemu baba yangu alikuwa akituhadithia siku alizopoteza hapo akingojea kivuko, na masika ambayo barabara yote ilikuwa haipitiki. Wazee wetu walikuwa na udhuru wa kutozurana. Sisi udhuru wetu ni upi?

Tulikuwa na kanuni moja: pikipiki haiendi baada ya Magharibi. Pancha mbili zilitula mchana, basi jua likatukuta kabla ya Somanga. Tulikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa imamu, kuomba idhini ya kupiga hema kando ya msikiti. Wasafiri wanaojificha porini huogopwa, na wana haki ya kuogopwa. Mchana tulikuwa tumekusanya Adhuhuri na Alasiri, rakaa mbili mbili, kwa ruhusa aliyopewa msafiri. Isha tuliswali nyuma ya imamu mkazi, tukakamilisha nne pamoja naye. Watoto wa madrasa walilizunguka hema letu mpaka mwalimu alipowaita kwa ukali.

Kivinje sikuwa nimekanyaga kwa miaka saba. Baba yetu alipofariki aliacha shamba la minazi na warithi wawili tu, kaka yangu na mimi, mama akiwa ametangulia. Hesabu yake ni nyepesi, nayo imo katika aya ya 11 ya Suratun-Nisaa: mwanamume hisa mbili, mwanamke hisa moja. Thuluthi ilikuwa yangu. Kaka aliliuza shamba lote, akanunua mashine ya boti, na simu zangu zikawa hazipokelewi.

Katika miaka hiyo nilipewa shauri za namna mbili. Wengine walinitaka niende mahakamani. Wengine, na hao ndio waliokuwa wengi, walinitaka nisamehe kwa ajili ya udugu. Sijapata kusikia mwanamume akiambiwa aache fungu lake la mirathi ili udugu udumu. Kusamehe ni jambo tukufu anapolichagua mwenye haki kwa radhi yake. Anapolazimishwa na baraza la familia, jina lake si msamaha. Mwenyezi Mungu aliyeamrisha kuunga udugu ndiye aliyezigawa hisa zile, wala hakuacha moja iimeze nyingine. Lakini nalikumbuka pia fundisho la Mtume (s.a.w.), kwamba muunga udugu wa kweli si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule anayeunga pale alipokatwa. Niliamua kuyashika yote mawili.

Tulifika baada ya Alasiri. Wifi yangu alinikumbatia akalia. Kaka alikuwa baharini, akarudi baada ya Isha, akatoa salamu kwa mbali, akaingia ndani. Tulipiga hema chini ya mwembe. Alfajiri, baada ya watu kutoka msikitini, nilisikia mlio wa spana: kaka yangu alikuwa amechutama kando ya pikipiki pamoja na mume wangu, wakikaza cheni iliyolegea. Hawakuwa wakizungumza. Niliwaacha.

Mchana, baada ya chakula, wanawe wawili wakiwapo, nilisema: "Kaka, nimekuja kukuzuru, na ningekuja hata kama usingekuwa na deni langu. Lakini deni lipo."

Alinyamaza sana. Aliyeuliza ni mwanawe mkubwa: "Deni gani, shangazi?" Hawakuwa wakijua. Waliambiwa kwamba shangazi yao amewasusa.

Kaka alimtuma mdogo alete daftari la shule. Akataja mwenyewe bei aliyouzia, akataja thuluthi yake, akasema atailipa kwa mafungu mawili. Mume wangu na jirani mmoja waliandika majina yao kama mashahidi, kwa mujibu wa aya ya 282 ya Suratul-Baqara, aya ambayo tunaisoma kila Ramadhani na kuitumia mara chache. Kalamu ilipowekwa chini kaka akasema, "Siku zote nilidhani ukija utakuja na askari."

Siku ya pili alitupakia kwenye boti yake kwenda Kilwa Kisiwani, kwa mashine ile ile iliyotokana na minazi. Tulisimama katika Msikiti Mkuu, chini ya kuba zake za mawe ya matumbawe, mahali alipofika Ibn Battuta mwaka 1331. Nilimwambia kaka kwamba theluthi ya mashine hii ni yangu, basi asiiendeshe kwa fujo. Alicheka. Kicheko chake ni cha baba.

Lindi tulipita tu, tukanunua machungwa. Mikindani tulikaa siku mbili, na hapo hema halikuwa letu tena, kwa sababu mjukuu wetu wa miaka minne alilitwaa, akakataa kulala nyumbani, na mama yake ikambidi alale humo naye. Mume wangu na mkwewe walikaa barazani mpaka usiku wa manane wakizungumza habari za korosho.

Tulipopita tena Kivinje katika kurudi, tulikuta pale chini ya mwembe pamefagiwa na jamvi limetandikwa. Fungu la kwanza la deni lilifika kwa simu katika Rabiul-Awwal, siku chache kabla ya Maulidi. La pili tunalingojea.