Kabla Ununue 85mm, Pima Keja Yako Kwanza

Kila wiki lazima nipate meseji ya aina hii: "Bro, nianze na lenzi gani ya potreti?" Na mara nyingi mwenye kuuliza ashaambiwa jibu na mtu mwingine, ati bila 85mm wewe si mpiga picha, wewe ni mtu ako na kamera. Mimi sikubaliani na hiyo story. Kuna vijana wanachukua mkopo wa simu kununua lenzi ambayo haiwezi hata kutoshea mahali wanafanyia kazi, kisha riba inawafuata kuliko wateja.

Wacha tuanze na hesabu, si hisia. Wengi wetu tunaanza na kamera ya sensa ndogo, ile inaitwa APS-C. Hiyo sensa inakata picha pembeni, kwa hivyo kila lenzi inaonekana imevuta zaidi. Kwa Canon unazidisha kwa 1.6, kwa Nikon na Sony unazidisha kwa 1.5. Kumaanisha 50mm kwa Canon ya sensa ndogo inaona kama 80mm kwenye fremu kamili. Hiyo tayari ni potreti, wasee. 85mm yenyewe inageuka kuwa kama 136mm.

Sasa weka hiyo kwa chumba. Single ya kawaida hapa Nairobi ni futi kumi kwa kumi, yaani mita tatu hivi. Toa kitanda, toa nafasi ya mteja kusimama mbali kidogo na ukuta, toa na mgongo wako wewe. Unabaki na mita mbili. Ukitaka kumpiga mtu kutoka kichwani hadi kiunoni kamera ikiwa wima, 50mm inahitaji hizo mita mbili tu. 85mm inahitaji karibu mita tatu na nusu. Utatoka nje ya mlango, usimame kwa korido, na jirani apite katikati akibeba ndoo. Na mwili mzima? Kwa 85mm unahitaji kama mita saba. Hiyo si keja tena, hiyo ni parking.

Sisemi 85mm ni mbaya. Kama shuti zako zote ni za nje, Arboretum, Karura, graduesheni kwa uwanja wa chuo, hiyo lenzi ni tamu sana. Inasukuma vitu vya nyuma viyeyuke na inakupa nafasi ya kukaa mbali, mtu wa aibu asihisi umemkalia usoni. Lakini inunue kwa sababu ya mahali unapiga, si kwa sababu ya komenti.

Kitu cha pili ndicho kinaniuma zaidi, na kinahusu sura za watu. Tunapenda kusema "hii lenzi inanenepesha pua." Ukweli ni kwamba kinachobadilisha sura ni umbali. Ukimkaribia mtu sana, pua iko karibu na kamera kuliko masikio kwa tofauti kubwa, kwa hivyo pua inavimba na masikio yanajificha. Rudi nyuma mita moja na nusu au mbili, na uso unarudi vile unauona ukiongea na huyo mtu. Lenzi pana kama 24mm inakulazimisha ukaribie ndio ujaze fremu. Lenzi ndefu inakuruhusu urudi nyuma. Kazi yake ni hiyo tu.

Mwaka wa 2018 watafiti Marekani walichapisha hesabu ya hii kitu kwenye jarida la JAMA Facial Plastic Surgery. Selfi ya umbali wa sentimita 30 hivi inafanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 zaidi ya vile ilivyo. Ukiwa mita moja na nusu, hiyo tofauti inaisha. Mmoja wao ni daktari wa upasuaji wa uso, na watu walikuwa wanamletea selfi kama ushahidi wa pua zao.

Nilipoisoma nilimfikiria binamu yangu mdogo. Ako Form Three, na kwa karibu mwaka mzima alikuwa anaficha uso kwa kila picha ya familia, mkono juu ya pua kama mtu anapiga chafya. Alikuwa ameamua ati pua yake ni kubwa, na ushahidi wake wote ulikuwa selfi za kipande cha mkono. Likizo ya Desemba nilimkalisha kwenye baraza kwa shosho, mchana, kwa kivuli. Nilisimama mita mbili na 50mm ya kawaida kabisa. Sikumpaka filta, sikupunguza kitu. Nikampa kamera aangalie. Alinyamaza, akaikuza, akaipunguza, kisha akaniuliza, "Umeiedit?" Nikamwambia bado iko kwa kamera, ningeiedit na nini? Hakusema kitu kingine. Lakini jioni aliitisha nyingine, akiwa na shosho, na mkono ulikuwa chini.

Kwa hivyo ukichagua lenzi ya potreti, hiyo kazi yako inaweza kuamua vile mtu anajiona. Usiichukulie kama kununua viatu.

Okay, mambo ya doh. Ile lenzi ya 18-55mm iliyokuja na kamera si takataka. Ivute hadi 55, rudi nyuma, msimamishe mtu karibu na dirisha, na utapata potreti safi. Shida yake ni mwanga. Ikiwa 55 inafunguka hadi f/5.6 tu. 50mm ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Mahali kit ingehitaji sekunde 1/20 na mtoto atoke ukungu mtupu, 50mm inakupa 1/200. Na ni ya bei rahisi: Canon ilipotoa EF 50mm f/1.8 STM mwaka wa 2015, bei yake Marekani ilikuwa dola 125. Za mkono wa pili ziko kibao.

Ukinunua ya mkono wa pili, angalia hivi. Washa tochi ya simu, iangazie kupitia kioo; ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, achana nayo, haswa kama imekaa sana kwa unyevu wa Pwani. Ifunge kwa kamera yako mwenyewe, si ya muuzaji, uone kama fokasi inashika. Watu wa Nikon D3500 na D5600 mchunge sana: hizo kamera hazina mota ya fokasi ndani, kwa hivyo 50mm ya zamani ya AF-D itaingia lakini utazungusha fokasi na mkono. Tafuta AF-S.

Na usikae f/1.8 kila saa. Ukiwa mita moja, sehemu iliyo kali ni kama sentimita tatu tu. Jicho liko poa, sikio limeyeyuka. Funga hadi f/2.8, pumua.

Kama unadhani haya yote ni maneno ya mtu hana ganji, tafuta picha za Seydou Keïta wa Bamako. Alifungua studio mwaka wa 1948, akitumia mwanga wa jua uani na shuka ya kitanda chake kama pazia la nyuma. Leo hizo picha zinaning'inizwa kwenye makumbusho makubwa duniani. Watu wake wanakaa kama wafalme.

Sasa chukua futi, pima chumba chako, halafu uniandikie hapo chini: una mita ngapi, kamera gani, na unapiga nani. Nitajibu kila mtu. Lakini ukiniandikia "85 ama 50?" bila hizo tatu, nitakuuliza tu keja yako ni saizi gani.