Wale Waliotangulia Kunywa Dawa

Maneno "kujaribu dawa juu ya watu" huwatia wengi hofu. Nami siyapendi kuyasikia. Lakini inatupasa kulichunguza jambo lenyewe kabla ya kulihukumu.

Mwaka 1962, katika hospitali ya serikali ya Marekani mjini Bethesda, waganga Emil Frei na Emil Freireich waliwatunza watoto wenye kansa ya damu. Siku zile mtoto alipopewa dawa moja, ugonjwa ulipungua kwa muda, kisha ukarudi kwa nguvu na kumwua. Lakini kifua kikuu kilikuwa kimewafundisha waganga jambo: vijidudu huzoea dawa moja, ila hushindwa na dawa kadhaa zikitolewa pamoja. Basi wakatoa dawa nne kwa pamoja. Moja ya hizo, vinkristini, hutoka katika mmea wa maua wenye asili ya Madagaska.

Waganga wengine walihofia kwamba dawa hizo zingewadhuru watoto kuliko ugonjwa wenyewe. Hofu hiyo haikuwa bure, kwa maana dawa kali za kansa hugusa hata sehemu nzima za mwili. Kwa hiyo majaribio ya hatua ya kwanza hutafuta kwanza kipimo ambacho mwili waweza kukivumilia. Kupona ni tumaini, si ahadi.

Watoto wachache waliishi. Kwa wengi ugonjwa ulirudi kwenye ubongo, mahali ambapo dawa hazikufika vema. Vifo vyao viliwafundisha waganga. Huko Memphis, katika hospitali yenye jina la Mtakatifu Yuda Tadei, mwombezi wa waliokata tamaa, mganga Donald Pinkel aliongeza matibabu ya kichwa na uti wa mgongo. Katika kundi la watoto walioanza kutibiwa miaka ya 1967 na 1968, karibu nusu walipona. Leo, katika nchi tajiri, hupona karibu watoto 9 katika 10.

Mimi huwafikiria wazazi wa wale wa kwanza. Je, mtoto wao alikuwa chombo tu cha kujifunzia? Hasha! Mwezi wa Septemba 1952 Baba Mtakatifu Pius XII aliwafundisha waganga kwamba elimu si kitu kikuu kupita vyote, na kwamba mganga hana haki juu ya mgonjwa pasipo ridhaa yake.

Hata leo wagonjwa ambao kansa imekwisha kuenea mwilini mwao huombwa kujaribu dawa mpya zilizounganishwa. Waambiwe kweli yote, wala wasidanganywe kwa ahadi ya kupona. Anayekataa asiaibishwe, kwani hatendi dhambi. Anayekubali huku akijua hatari yake, huenda akawapa uzima watu asiowajua kamwe. Hiyo ndiyo mapendo.

Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu wetu, tuwakumbuke na hao waliotangulia kunywa dawa.